Kugawanya kwa Kigawanyo Kikubwa: Hesabu na Lugha ya Kuifundishia

1. Utangulizi

Mwanafunzi akishaweza kugawanya 84 kwa 4, au 945 kwa 7, hujiona amekwisha kuimaliza kazi ya kugawanya. Furaha hiyo haidumu. Siku anapokutana ubaoni na kigawanyo chenye tarakimu mbili au tatu, mkono wake husita, kwa sababu jedwali la kuzidisha alilolikariri haliwezi tena kumjibu moja kwa moja. Hakuna aliyemkaririsha 87 mara tano wala 176 mara saba. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na wengine hubaki na mazoea ya kufuata hatua bila kujua zinakoelekea.

Tulishuhudia jambo hilo siku moja tulipohudhuria somo la majaribio la mwalimu mwanafunzi katika shule moja ya msingi. Swali lilikuwa hili: kilo 32 148 za unga wa mahindi zigawanywe sawasawa kwa nyumba 106, je, kila nyumba itapata kilo ngapi? Mtoto aliyeitwa ubaoni alifanya kazi yake kwa Kifaransa, kwa mwandiko mzuri, akapata 33, baki 30. Mwalimu alitazama baki, akaona ni ndogo kuliko 106, akaridhika. Darasa likapiga makofi. Somo lilipokwisha, mmoja wetu alimwita yule mtoto, akamwuliza kwa Kiswahili cha nyumbani: “Mwanangu, kila nyumba ikipata kilo makumi tatu na tatu, zote pamoja zitakuwa kilo ngapi?” Mtoto aliinua macho kidogo, akajibu: “Hazifike hata elfu ine.” Kisha akageuka kuutazama ubao, akanyamaza.

Tumeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa ndiyo kiini cha maada yetu. Jibu sahihi lilikuwa 303. Kwa hesabu ya ubaoni, kilo 28 650 za unga zingebaki ghalani ilhali kila nyumba imepewa kilo 33 tu. Mtoto yule hakukosa akili, wala hakukosa jedwali. Alichokosa ni daraja kati ya hatua alizozifuata na maana yake. Makala haya yanakusudia kueleza ugumu wa kugawanya kwa kigawanyo kikubwa unatoka wapi, njia gani zinaweza kuupunguza, na kwa nini Kiswahili tunachokisema hapa Kongo kina msaada ambao shule zetu hazijautumia vya kutosha.

2. Istilahi na maumbo yake

Kabla ya kuingia katika hesabu yenyewe, yatupasa kuafikiana juu ya majina. Katika usemi 945 ÷ 7 = 135, namba 945 ndiyo kigawanye, 7 ndiyo kigawanyo, na 135 ndiyo hisa. Kinachosalia, kikiwapo, huitwa baki.

Istilahi hizi zina mantiki inayopendeza kwa mwanaisimu. Kutokana na kitenzi -gawa tunapata -gawana, yaani kupeana mafungu, na kutokana na -gawana tunapata -gawanya, yaani kufanya kitu kiwe mafungu. Kiambishi tamati -o hutaja chombo au njia ya kutendea: ufunguo hufungua, kifuniko hufunika. Kwa hiyo kigawanyo ni chombo kinachogawanya. Kiambishi tamati -e, kinyume chake, hutaja mara nyingi kile kilichotendwa: mtume ni yule aliyetumwa, kiumbe ni kile kilichoumbwa. Kwa hiyo kigawanye ni kitu kinachogawanywa. Uhusiano huohuo tunauona katika jozi ya kigawo na kigawe: 7 ni kigawo cha 945, na 945 ni kigawe cha 7. Maneno hisa na baki, kwa upande wake, yametoka katika Kiarabu, nayo yanatumika pia nje ya darasa, sokoni na katika mirathi.

Hata hivyo, uzuri wa umbo si lazima uwe uzuri wa kufundishia. Kigawanyo na kigawanye hutofautiana kwa irabu moja ya mwisho, nayo ni rahisi kupotea katika darasa lenye watoto wengi. Tunashauri kwamba katika masomo ya kwanza mwalimu aseme kwa urefu, “kinachogawanywa” na “kinachogawanya”, au atumie maneno ya tukio lenyewe: unga na nyumba, fedha na watu. Istilahi fupi zije baadaye, wakati maana imekwisha kukaa.

Jambo la pili linahusu mpangilio wa maandishi. Shule za Kongo zimerithi mpangilio wa Ubelgiji na Ufaransa: kigawanye huandikwa kushoto, mstari wa wima hukitenga na kigawanyo kilicho kulia, na hisa huandikwa chini ya kigawanyo. Shule za Tanzania na Kenya zimerithi mpangilio wa Kiingereza: kigawanyo hukaa kushoto, kigawanye hukaa chini ya mstari wa ulalo, na hisa hupanda juu ya mstari huo. Alama nazo hutofautiana. Huko mkato hutenga maelfu; kwetu sisi mkato hutenga sehemu za desimali. Mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Bukavu anayefungua kitabu cha hesabu kilichochapwa Dar es Salaam hukutana na lugha anayoijua katika sura asiyoijua, na 45,950 kwake ni namba ndogo kuliko 46. Ndiyo maana hapa tunatenga maelfu kwa kuacha nafasi tupu.

3. Kugawanya ni kuvunja noti

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho: 45 950 ÷ 87. Tuseme ni fedha za darasani, zilizokatwa katika karatasi, nazo ni za aina nne tu: noti za elfu, za mia, za kumi na za moja. Watu 87 wanangoja kugawiwa.

Tunazo noti 45 za elfu. Haziwatoshi watu 87, hata kwa noti moja kwa kila mtu. Basi tunazivunja kuwa noti za mia: 45 za elfu ni 450 za mia, na pamoja na zile 9 tulizo nazo, tunapata 459. Hii ndiyo sababu mwalimu humwambia mwanafunzi “chukua tarakimu tatu za kwanza”. Mwanafunzi asiyeelezwa huiona amri hiyo kama uganga.

Kila mtu anapata noti 5 za mia. Zimetumika 5 × 87 = 435, zimebaki 24. Noti 24 hazitoshi watu 87, kwa hiyo tunazivunja kuwa noti za kumi: ni 240, na pamoja na zile 5 zilizokuwapo ni 245. Kila mtu anapata noti 2 za kumi. Zimetumika 174, zimebaki 71. Tunazivunja kuwa noti za moja: ni 710, na hapakuwa na nyingine ya kuongeza. Kila mtu anapata 8. Zimetumika 696, zimebaki 14, nazo haziwezi tena kugawanywa bila kukata noti yenyewe. Kila mtu ana mamia matano, makumi mawili na nane, yaani 528, na baki ni 14.

Kile ambacho daftari hukiita “kushusha tarakimu” ndicho hiki tulichokiita kuvunja noti. Tarakimu haishuki kwa sababu ni zamu yake. Inashuka kwa sababu mabaki ya daraja la juu yamevunjwa na kujiunga na wenzao wa daraja la chini. Mwanafunzi aliyeuelewa mfano huu ataweza hata kuendelea baada ya mkato: zile 14 zikivunjwa kuwa sehemu za kumi zinakuwa 140, kila mtu anapata 1, zinabaki 53, zikivunjwa tena zinakuwa 530, kila mtu anapata 6, na hisa inakaribia 528,16. Utaratibu ni uleule kuanzia maelfu hadi sehemu za mia.

4. Sanaa ya kukadiria

Kuna swali tuliloliruka. Tulijuaje kwamba 87 inaingia mara 5 katika 459, mara 2 katika 245, na mara 8 katika 710? Hapa ndipo penye ugumu hasa wa kigawanyo kikubwa. Pamoja na kigawanyo cha tarakimu moja mwanafunzi hukumbuka. Pamoja na kigawanyo kikubwa hana budi kukadiria, na anayekadiria anaweza kukosea. Walimu wengi hawasemi hivyo waziwazi. Wao hutoa kadirio sahihi mara moja, kwa kuwa wamezoea, na mtoto hudhani kwamba anayefuta na kuandika upya ni mjinga. La hasha. Kukadiria, kujaribu na kusahihisha ni sehemu ya utaratibu wenyewe.

Ziko njia mbili za kukadiria, na kila moja hukosea upande mmoja tu.

Njia ya kwanza ni kushusha kigawanyo. Tunaacha tarakimu ya 7 na kuihesabu 87 kama 80. Badala ya 459 ÷ 87 tunauliza 45 ÷ 8, tunapata 5. Kwa 245 tunauliza 24 ÷ 8, tunapata 3; lakini 3 × 87 = 261, nayo inapita 245, kwa hiyo tunarudi kwenye 2. Sababu yake ni nyepesi: ukiwahesabu watu 87 kana kwamba ni 80, fungu la kila mmoja litaonekana kubwa kuliko lilivyo, au sawa nalo, haliwezi kuonekana dogo. Kosa la njia hii hujulikana kwa zao linalopita kiasi kilichopo, na dawa yake ni kupunguza moja.

Njia ya pili ni kupandisha kigawanyo. Tunaihesabu 87 kama 90. Kwa 245 tunauliza 24 ÷ 9, tunapata 2, nayo ni sahihi. Kwa 710 tunauliza 71 ÷ 9, tunapata 7. Zao ni 609, na baki ni 101. Lakini 101 si ndogo kuliko 87: kila mtu anaweza kuongezewa noti moja tena. Hisa inakuwa 8, baki 14. Hapa watu wamehesabiwa wengi kuliko walivyo, kwa hiyo fungu haliwezi kuonekana kubwa mno. Kosa hujulikana kwa baki isiyokuwa ndogo kuliko kigawanyo, na dawa yake ni kuongeza moja. Njia hii ina faida moja ya kiutendaji: kadirio likiwa dogo, kazi iliyofanyika haifutwi. Inatosha kutoa 87 mara moja tena.

Vigawanyo vyote haviko sawa kwa ugumu. Tutazame 13 376 ÷ 176. Tukifuata njia ya kwanza kwa tarakimu ya kwanza peke yake, kwa 1 337 tunauliza 13 ÷ 1, tunapata 13, jambo lisilowezekana kwa tarakimu moja. Tunashuka hadi 9: zao ni 1 584, limepita. Tunajaribu 8: ni 1 408, limepita. Tunajaribu 7: ni 1 232, linafaa, na baki ni 105. Tunashusha 6, tunapata 1 056, na safari inaanza upya: 9, 8, 7 zote zinakataa, hadi 6, ambayo zao lake ni 1 056 kamili. Jibu ni 76, lakini daftari limejaa mifuto. Tukiihesabu 176 kama 200, kadirio la kwanza ni 6, nasi tunaongeza moja kupata 7. Kadirio la pili ni 5, tunaongeza moja kupata 6. Kazi imekwisha.

Ubaya wa 176 unatoka katika tarakimu yake ya kwanza, ambayo ni ndogo, huku mkia wake ni mzito. Jambo hili lina kanuni iliyothibitishwa. Donald Knuth, katika juzuu la pili la kitabu chake The Art of Computer Programming, lililotoka mwaka 1969, alionyesha kwamba ikiwa tarakimu ya kwanza ya kigawanyo ni 5 au zaidi, kadirio linalotokana na tarakimu hiyo peke yake haliwi dogo kamwe, wala halizidi tarakimu ya kweli kwa zaidi ya 2. Kompyuta nazo, zinapogawanya namba ndefu kwa utaratibu huo, hukadiria na kusahihisha kama afanyavyo mtoto ubaoni. Na ikiwa tarakimu ya kwanza ni ndogo, kigawanye na kigawanyo huzidishwa vyote viwili kwa namba moja, kwani hisa haibadiliki. Tukizidisha kwa 5, mfano wetu unakuwa 66 880 ÷ 880. Kwa 6 688 tunauliza 66 ÷ 8, tunapata 8, tunasahihisha kuwa 7. Baki ni 528. Kwa 5 280 tunauliza 52 ÷ 8, tunapata 6, nayo ni sahihi. Hisa ni 76 kama awali. Tahadhari moja tu: kama kungalikuwa na baki, ingetupasa kuigawanya kwa 5 mwishoni.

5. Jedwali la maradufu

Wapo wanafunzi ambao kukadiria kwenyewe kunawatisha, ama kwa sababu jedwali la kuzidisha halijawakaa vizuri, ama kwa sababu wamechekwa mara nyingi. Kwa hao ipo njia ya zamani sana, nayo ni ya bara letu.

Hati ya mafunjo iitwayo Rhind, iliyonakiliwa Misri na mwandishi Ahmose yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo na ambayo sasa imehifadhiwa katika British Museum huko London, inaonyesha namna makarani wa Misri walivyogawanya. Hawakuwa na jedwali kama letu. Walikiongeza kigawanyo maradufu, au mara kumi, hadi wakakifikia kigawanye. Katika swali moja la hati hiyo, linalohusu unga unaogawanywa katika mikate 80, yafaa 1 120 igawanywe kwa 80. Mara 1 ni 80, mara 10 ni 800, mara 2 ni 160, mara 4 ni 320. Sasa 800 na 320 ni 1 120; basi 10 na 4 ni 14, nayo ndiyo hisa.

Njia hiyo tunaweza kuioanisha na mpangilio wetu wa leo. Kabla ya kuanza, mwanafunzi anaandika pembeni mistari minne tu:

mara 1 ni 87
mara 2 ni 174
mara 4 ni 348
mara 8 ni 696

Tarakimu yoyote kuanzia 1 hadi 9 hupatikana kwa kujumlisha baadhi ya mistari hii. Kwa 459, mstari wa 8 haufai. Wa 4 unafaa, zinabaki 111. Wa 2 haufai. Wa 1 unafaa, zinabaki 24. Tarakimu ni 4 na 1, yaani 5. Kwa 245, mstari wa 2 unafaa, zinabaki 71. Kwa 710, mstari wa 8 unafaa, zinabaki 14. Hapakuwa na kukisia hata mara moja. Anayejua kujumlisha na kutoa anaweza kugawanya kwa kigawanyo cha ukubwa wowote, hata cha tarakimu tano.

Njia hii inadai nafasi zaidi katika daftari, na mwanafunzi mwepesi ataiacha mwenyewe atakapoona hana haja nayo. Lakini si njia ya kuwaonea haya watu. Hata John Napier wa Scotland, katika kitabu chake cha mwaka 1617, alitengeneza vijiti vyenye namba kwa nia iyo hiyo: kuweka vigawe vya namba mbele ya macho ili akili isilemewe. Hapa pia tungependa kugusia mazoea ya mapokeo ya Kifaransa ambapo mwanafunzi haandiki zao, bali hutoa kichwani na kuandika baki tu. Kwa kigawanyo kidogo ni mazoezi mema ya akili. Kwa kigawanyo cha tarakimu tatu, humlazimisha mtoto kuzidisha, kutoa na kubeba akiba kwa wakati mmoja. Na akikosea, hakuna alama inayoonyesha alipoanguka. Tunaona ni heri zao liandikwe.

6. Sifuri iliyopotea

Turudi sasa kwa mtoto wetu na unga wake. Alianza vizuri: 321 kwa 106 ni 3, zao ni 318, baki ni 3. Akashusha 4, akapata 34. Hapo 106 haiingii. Alichofanya ni kushusha pia 8, akapata 348, akaandika 3 nyingine, na baki ikawa 30. Hatua zote ni sahihi isipokuwa moja: hakuandika kwamba katika daraja la makumi kila nyumba imepata sifuri. Mamia matatu na tatu yakageuka kuwa makumi matatu na tatu.

Kosa hili huzidi kadiri kigawanyo kinavyokuwa kikubwa, kwa kuwa mara nyingi zaidi kile kilichoshushwa hakitoshi. Dawa yake ni kuhesabu tarakimu za hisa kabla ya kuanza. Mara mia moja 106 ni 10 600, nayo ni ndogo kuliko 32 148. Mara elfu moja ni 106 000, nayo ni kubwa mno. Kwa hiyo hisa iko kati ya 100 na 1 000: ina tarakimu tatu, wala si mbili. Mwanafunzi na aweke nukta tatu mahali pa hisa, moja ya mamia, moja ya makumi, moja ya mamoja, na kila anaposhusha tarakimu ajaze nukta moja, hata kama ni kwa sifuri.

Dawa ya pili ni uhakiki wa mwisho, nao una masharti mawili: baki iwe ndogo kuliko kigawanyo, na hisa ikizidishwa kwa kigawanyo kisha ikaongezwa baki irudishe kigawanye. Mwalimu wa siku ile alitazama sharti la kwanza peke yake. Sharti la pili lingemwonyesha mara moja: 33 × 106 ni 3 498, na pamoja na 30 ni 3 528. Kwa 303 tunapata 32 118, na pamoja na 30 ni 32 148.

7. Makumi yetu

Yatupasa sasa kuuliza: kwa nini mtoto yule aliliona kosa alipoulizwa kwa Kiswahili, ilhali hakuliona kwa Kifaransa? Hatudai kwamba lugha moja ina akili kuliko nyingine. Lakini majina ya namba hayafundishi kwa usawa.

Kiswahili sanifu kina ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini na tisini, maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Ni maneno mazuri, lakini hayaonyeshi kwa sikio ni makumi mangapi yaliyomo. Thelathini haisikiki kama tatu. Kifaransa cha Ubelgiji, ambacho ndicho kilichotufikia, kina septante na nonante, nayo ni nafuu kuliko ya Paris. Hata hivyo trente na quarante hazisemi waziwazi habari ya kumi. Katika Kiswahili cha miji yetu, kinyume chake, husikika kila siku makumi mbili, makumi tatu, makumi nane. Wasomi wengine huyasahihisha maneno hayo, wakitaka angalau upatanisho wa sarufi, makumi mawili, makumi matatu, au wakitaka yaachwe kabisa. Katika maandishi rasmi sisi pia tunafuata usanifu. Lakini katika somo la kugawanya, makumi mbili si kosa la kufutwa. Ni maelezo kamili ya thamani ya mahali. Anayesema “makumi mbili kwa kila mtu” amekwisha kusema kwamba ile 2 ya katikati ya 528 si mbili tupu. Na anayesema “makumi: hakuna” hawezi kuisahau sifuri ya 303.

Kwa hiyo tunapendekeza lugha mbili zifanye kazi kwa zamu. Mwanafunzi aandike na kusoma jibu lake kwa lugha ya darasa. Lakini anapokadiria, anapovunja na anapohakiki, aruhusiwe kusema kama asemavyo nyumbani. Jambo hili halipingani na sheria za nchi. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika ufundishaji. Kinachokosekana mara nyingi ni mwalimu aliyeandaliwa kusema hesabu katika lugha hizo.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kugawanya kwa kigawanyo kikubwa hakuna siri mpya. Ni kugawa, kutoa, kuvunja na kugawa tena, kama kwa kigawanyo kidogo. Kipya ni kukadiria, nako kuna kanuni zake: anayeshusha kigawanyo hukosea kwa kuzidisha, anayekipandisha hukosea kwa kupunguza, na asiyetaka kukisia anayo mistari minne ya maradufu. Nukta za hisa huilinda sifuri, na uhakiki wenye masharti mawili huilinda kazi nzima.

Wanafunzi wetu wa idara ya Kiswahili mara nyingi hudhani kwamba istilahi za hesabu si shamba lao, na wenzao wa idara ya hesabu hudhani kwamba lugha si shamba lao. Katikati ya mashamba hayo mawili amesimama mtoto mwenye chaki mkononi. Ingefaa wanafunzi wa pande zote mbili wanaokwenda kufanya majaribio ya ualimu waandike katika madaftari yao maneno ambayo watoto wanayatumia wanapogawanya, hasa pale wanapokosea, na kuyaleta hapa chuoni tuyajadili pamoja. Mtoto yule alijua kwamba jumla haifiki elfu nne. Ilibaki tu aulizwe.